Msiseme Pwani hatujui kulinda jirani

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, si wakati wa shida ya feri, si wakati wa shida ya maji, lakini ile ripoti yenu ya majirani wa Chicago, Marekani, imenikaa kooni tangu juma lililopita na nisipoitoa sitalala. Mlieleza vizuri, sikatai. Msako wa wahamiaji ulipoanza kule Septemba 2025 watu wa mitaa kama Little Village wakagawiana filimbi, wakiona gari la maofisa laingia mtaani wanapuliza ili aliye ndani afunge mlango na aliye nje apitie kwingine, wengine wakasindikiza watoto wa jirani shule, wengine watembea na ile kadi nyekundu yenye haki zao, usifungue mlango kama hakuna hati yenye saini ya jaji. Nilifurahi wallahi. Kisha mwandishi wenu akamalizia eti sisi watu wa Pwani moyo huo hatuna, mtu akibebwa na polisi kila mmoja hufunga dirisha lake. Nani alimwambia?

Mimi ni Mdigo wa Likoni, mume wangu ni Mmakonde. Babu yake aliletwa kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kukata mkonge, babake akazaliwa huku, yeye akazaliwa huku, na mpaka tuna watoto watatu alikuwa hana kipande, yaani kitambulisho. Asiye na kipande hana laini ya simu kwa jina lake, hana akaunti, kibarua alipwa nusu manake tajiri ajua hana pa kushtaki. Nyumba tulipanga kwa jina langu, simu kwa jina langu, mpaka risiti ya baiskeli yake ina jina langu.

Mwaka wa 2014, ule msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch umeanza, Nairobi watu wanajazwa uwanja wa Kasarani, na huku nako jioni zote barabarani ni toa kitambulisho, toa kitambulisho. Jumanne moja mume wangu hakurudi. Saa mbili u nusu usiku kijana wa tuktuk akaja kuniambia amebebwa, yeye na mafundi wenzake wawili, wako kituo fulani ng'ambo. Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikasimama tu pale mlangoni sijui niende wapi. Mwenyekiti wa chama chetu, mama muuza mahamri, ndo alinishika mkono. Akatoa kaunta buku ya chama, ile tunayoandika nani amelipa mia mbili na nani bado, akaigeuza ukurasa wa nyuma kabisa akaandika siku, saa, mahali, na nambari ya landarova manake yule kijana alikuwa ameikariri. Kisha akagonga milango. Tukavuka feri wanawake tisa usiku ule na thamosi mbili za chai, na mtoto wangu, na ustadhi wa madrasa nyuma yetu kwa sababu yeye ndo alikuwa na Katiba ya Kiswahili nyumbani kwake.

Pale kaunta askari akatwambia hakuna mtu kama huyo hapa. Na mimi namsikia ndani akikohoa, Mhariri, kikohozi cha mume wangu mimi nakijua hata gizani. Tukamwambia basi tuandikie kwenye OB, kitabu chao cha matukio, kwamba tumekuja kuuliza, akakataa, tukakaa kwenye ngazi. Tulikaa mpaka asubuhi. Wa kwanza kulala aliamshwa akaambiwa hapa hatulali. Kulipokucha akaja mkubwa wao, ustadhi akasimama akamsomea Kifungu cha 49 polepole kama anafundisha watoto, kwamba mtu akikamatwa aambiwe mara moja na kwa lugha anayoielewa ni kwa nini, aruhusiwe kuongea na wakili na watu wa kumsaidia, na kabla ya saa 24 kwisha afikishwe kortini, na mwenyekiti akafungua ile buku akaonyesha saa ya kukamatwa ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, akasema tunahesabu, tunahesabu sote tisa, na hatuondoki. Yule mkubwa akatishia kutuweka ndani na sisi. Mama muuza mahamri akamjibu tuweke mwanangu, lakini andika majina yetu yote na saa. Saa tano mchana waliwatoa wote watatu, hawakushtakiwa kwa lolote, na wale wenzake wawili hata si jamaa zetu, hatukuwa tunawajua. Ukurasa ule uko mpaka leo, una doa la chai. Sasa mwandishi wenu aniambie ni dirisha la nani lilifungwa usiku ule.

Na lile neno "walipewa" mlilotumia, kwamba Wamakonde walipewa uraia na serikali. Walipewa wakiwa wamelala? Oktoba 2016 watu walitoka Kwale, wazee na akina mama wenye watoto wachanga, wakaenda Nairobi mpaka wakaonana na Rais, ndo mwanzoni mwa 2017 vitambulisho vikaja na Wamakonde wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba nao wamevua samaki wa Kilifi na Kwale vizazi na vizazi, leseni shida, simu shida, wamepiga kelele mpaka 2023 walipotambuliwa. Hakuna aliyepewa. Watu walidai, na nyuma yao kulikuwa na vyama vya wanawake kama chetu vilivyochanga nauli, mia mia, na hivyo ndo hamkuviandika hata mstari mmoja.

Halafu haijaisha. Kijana wangu wa kwanza ametimiza 18, ameenda kutafuta kitambulisho chake kwenye ofisi moja ya usajili. Amebeba cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, barua ya chifu, kitambulisho changu na cha babake. Karani akasoma jina la ukoo, kalamu akaiweka chini. Lete cha babu. Babu alikufa bila kipande, tukueleze mara ngapi? Na hata tuache upande wa baba, Kifungu cha 14 chasema mtu ni raia wa kuzaliwa kama babake AU mamake ni raia, sasa mimi niliyekaa pale mbele yake na kitambulisho changu mkononi ni nani? Ni mtu wa nje? Februari 2025 Rais akiwa Wajir alitangaza ule mchujo wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa mpakani uishe, huku kijana wangu ameshaenda mara nne na kila mara ni nauli, ni fotokopi, na wale mabroka wa nje ya geti wanamwambia toa kitu kidogo yataisha. Hatutoi.

Na wale wa semina za haki za binadamu hotelini, wanaotuita tusaini karatasi, tule, turudi, sijamwona hata mmoja kwenye benchi la ofisi ile.

Ninalowaomba ni hili. Wale wa Marekani wana kadi nyekundu mfukoni. Sisi tuchapishieni Kifungu cha 49 na cha 14 kila Ijumaa, ukurasa ule ule, kona ile ile ya chini kulia, Kiswahili chepesi, herufi kubwa mama asiye na miwani asome, na kuwe na mstari wa kukata kwa makasi. Mtu akate abandike nyuma ya mlango. Chini muache nafasi tatu tupu za kuandika nambari za simu za majirani wa kupigia usiku. Gazeti likishafungia mahamri kila mtaa utakuwa nayo.

Kijana wangu anarudi ofisini Jumanne, mara ya tano. Tutakuwa saba na ile buku. Twavuka feri ya saa kumi na mbili asubuhi, mtume mwandishi wenu, tutamwekea nafasi kwenye benchi.

Mama wa chama,
Likoni, Mombasa