Shukrani kwa mama muuza uji wa stendi ya Mbezi

Nilifika Dar es Salaam saa tano usiku, mwanangu ana rufaa ya macho Muhimbili, na pochi yangu yenye simu na nauli imeibwa safarini. Nilikaa pembeni ya stendi nikisali Mithali 3:5, nisizitegemee akili zangu, maana kwa kweli zilikuwa zimekwisha.

Mama mmoja mwenye sufuria ya uji akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda wapi?" Alimpa mtoto kikombe, akanipa simu yake nimpigie mume wangu, kisha akanisaidia kuifunga laini yangu. Alitulaza kwake. Alfajiri aliacha biashara yake, akatulipia nauli, akasimama nasi dirishani mpaka faili likafunguliwa. Elfu kumi alinifumbatisha mkononi akiondoka.

Nilimwomba jina. Akasema, "Mshukuru Bwana, mimi nilitumwa tu."

Mama, mtoto ametibiwa, anaona vizuri. Kila jioni anakuombea, anakuita Bibi Uji. Nanyi mnaopita stendi usiku, mkimwona mama na mtoto wamekaa tu, muulizeni anakwenda wapi.