Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwenye meza yetu umeona bakuli la ute wa bamia, na mzazi mmoja ametuuliza kama klabu imehamia jikoni. Ute ule huvutika kama uzi kwa sababu una molekuli ndefu za sukari, na mwaka huu tumejifunza juu ya sukari ndefu ya mwilini, hialuronani, inayojaza nafasi baina ya seli. Siyo sukari ya chai. Mwili huitengeneza wenyewe. Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe.

Kilichotushughulisha ni kwamba sukari hiyohiyo huweza kuizuia saratani au kuisaidia, kutegemea urefu wake. Minyororo mirefu hutuliza seli, ilhali vipande vifupi huweza kuzichochea ziongezeke na kuhama. Katika saratani nyingi za kongosho hialuronani hurundikana, huvuta maji, na shinikizo lake huibana mishipa ya damu hata dawa ikashindwa kupenya. Watafiti walijaribu kuiyeyusha kwa kimeng'enya, lakini mwaka 2019 ilitangazwa kwamba jaribio kubwa halikurefusha maisha ya wagonjwa, nasi tukafuta kwenye bango letu sentensi iliyosema kuwa ukiondoa sukari hii umeondoa saratani.

Mheshimiwa, mnyama wa somo hili ni jirani yetu, yaani fuko asiye na manyoya, anayechimba ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, akaishi hata zaidi ya miaka 30 na kuugua saratani kwa nadra sana. Mwaka 2013 Vera Gorbunova, Andrei Seluanov na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba molekuli za hialuronani yake ni kubwa zaidi ya mara tano kuliko zetu. Kimiminika walimokuzia seli zake kiligeuka kizito kama mlenda. Mwaka 2023 walionyesha kuwa panya waliopewa jeni yake ya kuitengeneza walipata saratani kwa uchache na kuishi muda mrefu kidogo. Hata hivyo, wapo wataalamu wasiokubali kwamba siri yote imo humo.

Tunayo hadubini moja tu, na lenzi yake kubwa imepasuka. Tunaomba utusaidie kupata nyingine. Baada ya risala hii, tafadhali fika mezani uvute ute kwa kijiti, kisha uvute na ule tuliouchemsha kwa ndimu, ujionee tofauti.