CT ya kichwa si CT ya sainasi: kwa nini tunakuambia upige tena

Wiki iliyopita baba mmoja kutoka Mpwapwa aliondoka kwenye kituo chetu cha picha za mionzi amekasirika. Alikuja na bahasha mbili: eksirei ya sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, na CT ya kichwa, picha ya mionzi ya vipande vipande, aliyopigwa zamani baada ya ajali ya bodaboda. Daktari wake wa masikio, pua na koo alimwandikia CT ya sainasi kabla ya upasuaji wa kupitishia kifaa puani, naye akaona anayo tayari. Tulipomwambia hazitoshi, akatujibu kwamba tunatafuta hela tu. Neno hilo tunaambiwa kila mara, na watu wa Kongwa na Manyoni, hata na watumishi wa Mtumba, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa kirefu.

Juu ya pua kuna ubongo. Kinachovitenganisha ni mfupa wa kitako cha fuvu, ambao ndio paa la pua, na mfupa huo haukunyooka kama paa la tembe. Katikati unashuka na kufanya kibonde kinacholaza mishipa ya fahamu ya kunusia. Kibonde hicho kwa watu wengine kina kina cha milimita 1 hadi 3, kwa wengine 4 hadi 7, na wapo wenye 8 hadi 16. Hayo ni madaraja ya Keros, yaliyopewa jina la mtaalamu aliyeyapanga mwaka 1962. Ukuta wa pembeni wa kibonde ni mwembamba mno. Mahali pengine haufiki hata robo ya milimita. Kadiri kibonde kinavyoshuka, ndivyo ukuta huo unavyorefuka na kukaa kwenye njia ya kifaa cha daktari. Ukitoboka, maji ya ubongo yanavujia puani na wadudu wa homa ya uti wa mgongo wanapata pa kupitia.

Sasa itazame CT ya kichwa. Hupigwa kutafuta damu, uvimbe au mvunjiko, na mara nyingi picha anazopewa mgonjwa ni za unene wa milimita 5. Kila nukta katika picha hiyo ni wastani wa vyote vilivyomo ndani ya unene huo. Mfupa wa robo milimita humezwa na hewa na nyama zilizo jirani: ukiwa mzima unaweza kuonekana una tundu, na tundu dogo la kweli likapotea kabisa. Tena picha nyingi za namna hiyo hazishuki hadi chini ya mashavu. CT ya sainasi tunaipiga kwa vipande vya milimita 1 au chini yake, kwa mpangilio wa kuonyesha mfupa, kisha tunaipanga kwa pande tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka mbele. Ile ya mbele ndiyo inayoonyesha vizuri paa la pua.

Eksirei ndiyo haifai kabisa kwa kazi hii. Inalaza mifupa yote juu ya mwenzake. Usaha shavuni utauona, paa hutaliona.

Wateja hutuambia, "Nimelala dakika chache tu, mbona bei hiyo?" Mashine inamaliza haraka, ni kweli. Anayechelewa ni daktari wa radiolojia, na bei yetu imo humo. Anapima kina cha kibonde kulia na kushoto, maana pande mbili za mtu mmoja zinaweza kutofautiana. Anakagua ukuta unaotenga pua na jicho, na kama mshipa wa damu upitao chini ya paa umejificha ndani ya mfupa au unaning'inia. Nyuma kabisa anatafuta chemba ya Onodi, kijumba cha hewa ambacho watu wengine wanacho, inayoweza kuukumbatia mshipa wa fahamu wa jicho, na anaangalia mfupa unaofunika mshipa mkubwa wa damu uendao ubongoni. Kijana mmoja wa Nkuhungu paa lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Daktari mpasuaji aliposoma ripoti alipiga simu, wakazipitia picha pamoja, akabadilisha mpango wake kabla hajashika kifaa. Kazi kama hiyo hatuwezi kuipunguzia bei kwa kuruka hatua.

Wapo pia wanaopiga picha filamu kwa simu na kuituma WhatsApp. Familia moja ilimtumia hivyo daktari wa Dar es Salaam, kisha wakampandisha bibi yao treni bila CD. Huko wakaambiwa warudi waifuate, kwa sababu daktari anahitaji kupitisha picha moja moja kwenye kompyuta. Nauli ikalipwa mara mbili kwa kitu kilichokuwa kabatini nyumbani.

Na usije na mafua makali, isipokuwa daktari amesema ni dharura. Ute na uvimbe wa mafua hufunika ugonjwa wenyewe. Maliza kwanza dawa ulizoandikiwa, ndipo upigwe. Mama mmoja wa Kondoa tulimrudisha kwa sababu hiyo na iliniuma kuona safari yake imepotea, lakini kumpiga mionzi kwa picha isiyo na faida ingekuwa kumwibia. Piga simu kabla ya kupanda basi.

Kama una CT ya zamani, usikimbilie kulipia nyingine. Nenda ulikopigwa, omba CD yenye vipande vyembamba. Mashine nyingi huvihifadhi kwa muda tu, kwa hiyo wahi. Tuletee tuitazame, hatutozi kitu kwa hilo. Ikiwa imefika chini ya mashavu, na tangu hapo hukupasuliwa wala kuumia, tutampelekea daktari wako aamue.

Siku ya kipimo njoo na barua ya daktari. Kwa kawaida kipimo hiki hakina dawa ya kuchomwa, kwa hiyo kula kama kawaida. Hereni, vibanio vya nywele na meno ya kubandika utavivua hapa. Mwenye mimba, au anayehisi anayo, atuambie kabla hajaingia chumba cha mashine.