Mcheza ringi ana jina lake, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wa burudani wa toleo lenu la Jumamosi mmechapa picha ya kijana aliyejivika ringi, yaani duara za kuchezea ngoma, mikono yote miwili hadi akawa tai, mbawa zimetanda, kichwa kimeinama. Picha nzuri kweli. Chini yake mkaandika: "Mwenyeji wa asili wa Marekani akitumbuiza watalii." Basi, mkaishia hapo. Kijana hana jina, hana kwao, hana aliyemfundisha. Ukurasa huohuo mwanamuziki aliyetoa wimbo juzi tu katajwa jina lake la kuzaliwa, la jukwaani, na aina ya gari analoendesha.

Naandika kwa sababu naishi Phoenix, Arizona, na uwanja ule wa nyasi unaoonekana pichani naufahamu. Ni wa Heard Museum, jumba la makumbusho la huku. Kazi yangu huku ni kulea wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwasikiliza. Kati yao yupo bibi mmoja wa Kinavajo, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili, aliyetoka kaskazini mwa jimbo, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na ikifika Februari hana habari nyingine ila mashindano ya dunia ya ringi yanayofanyika uwanjani hapo. Mimi ndiye msukuma kiti. Yeye ndiye aliyenifunza kutazama, maana mwanzoni nilikuwa nakodolea macho mikono na ringi kama mtoto kwenye sarakasi, akanipiga kofi dogo la mkono na kunionyesha chini. Tazama miguu.

Basi nikatazama miguu. Mchezaji anaingia uwanjani na ringi zake, anazilaza chini, wakati mwingine kazipanga moja juu ya nyingine. Ngoma inaanza, wapigaji wameizunguka wakiimba, na mwenzetu anazunguka ringi kwa hatua zisizokoma. Kisha anaibinua moja kwa ncha ya kiatu, inaruka, inamwingia mguuni, inapanda gotini, inapita kiunoni hadi begani, na hatua haijapotea hata moja. Anafuata ya pili. Ya tatu. Zikishafika nyingi anazifuma: mara kipepeo, mara kobe, mara nyoka anayetambaa nyuma yake, mara tai kama yule wa picha yenu. Mwishoni wengi huzishikamanisha zote zikawa tufe, wakaliinua juu. Na ngoma inapokata, mguu nao uwe umekata. Akichelewa pigo moja, majaji wameona.

Majaji wanatazama mambo matano: usahihi, kwenda na pigo, mvuto mbele ya watu, ubunifu na kasi. Ringi ikianguka, alama zimeondoka nayo. Nimewahi kuona ringi moja ikimponyoka mchezaji mashuhuri, ikabingirika hadi karibu na viti vya mbele, na umati wote ukashusha pumzi kwa pamoja. Yeye aliifuata akicheza, akaiokota kwa mguu kana kwamba alipanga. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Majaji sidhani kama walicheka.

Sasa niseme kuhusu hao "watalii" wenu. Wapo, na kofia zao na mafuta ya jua. Lakini zunguka kidogo nyuma ya viti uone waliojaa: mama anayemfunga mtoto shanga kifundoni, baba anayekagua utepe wa ringi kama umebanduka, shangazi na binamu waliosafiri kutoka New Mexico na wengine kutoka Kanada. Ringi zenyewe zamani zilikuwa za fito za mti zilizopindwa. Siku hizi nyingi ni mabomba ya plastiki yaliyozungushiwa tepu za rangi, na kila familia ina namna yake ya kuzikata ziendane na urefu wa mchezaji. Kuna mashindano ya watoto wa miaka mitano kushuka chini, ya miaka 6 hadi 12, ya 13 hadi 17, ya watu wazima, na ya waliotimiza 40 na kuendelea. Wale wadogo kabisa ni burudani ya peke yake. Mmoja alisahau anachofanya katikati ya uwanja akakaa ndani ya ringi yake kumtazama mpiga ngoma. Akashangiliwa kuliko mshindi.

Haya yote yana watu waliofanya yakawepo, na hapo ndipo gazeti lako lilipoteleza. Tony White Cloud, mtu wa Jemez Pueblo, jamii ya wenyeji wa asili huko New Mexico, ndiye anayetajwa kuwa baba wa ngoma hii kama tunavyoiona leo. Wazee husimulia kwamba kabla yake ringi ilikuwa na kazi ya uponyaji na maombi. Yeye katika miaka ya 1930 alianza kuicheza kwa ringi kadhaa mbele ya hadhara, akaitembeza majukwaani, na mwaka 1942 akaonekana akiicheza katika filamu. Mashindano haya ya dunia yakaanza mwaka 1991. Miongoni mwa waliotawala miaka ya mwanzo ni Derrick Suwaima Davis, mwenye asili ya Hopi na Choctaw, aliyebeba ubingwa mara kadhaa. Yule ukimtazama hutaki kupepesa, kwa jinsi anavyotulia wakati kila kitu mwilini mwake kinakwenda.

Bibi yangu hakubali nianze na wanaume tu, kwa hiyo niwahi kumtaja Lisa Odjig, mwenye asili ya Odawa na Ojibwe kutoka Kanada. Kwa muda mrefu wapo waliosema ringi ni ya wanaume. Mwaka 2000 alishindana nao katika kundi la watu wazima akatwaa taji, na mwaka 2003 akalitwaa tena. Leo mabinti wanaingia uwanjani bila kuomba radhi kwa mtu. Bibi huwapigia vigelegele, vya kwake ni tofauti na vyetu lakini sikio linaelewa.

Kevin Locke, Mlakota wa eneo la Standing Rock, sikumwona kwa macho yangu, nimetazama video zake tu pamoja na bibi kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Alicheza na ringi 28. Alikuwa pia mpiga filimbi, na mwaka 1990 taifa la Marekani lilimpa heshima yake ya juu kwa wasanii wa sanaa za jadi. Alifariki mwaka 2022. Ninachompendea ni kwamba akishamaliza maonyesho yake makubwa aligawa ringi kwa watazamaji, watoto na watu wazima, akawaita wajaribu. Sijui wasanii wangapi wanaoweza kumpa mgeni chombo chao cha kazi namna hiyo.

Kuna Tony Duncan, mwenye damu ya Apache, Arikara, Hidatsa na Mandan, bingwa wa 2011, naye hucheza huku mkewe na watoto wakiwa ndani ya ringi hizohizo. Kuna Dallas Arcand wa taifa la Cree, bingwa mara tatu. Kuna James Jones, naye Cree, aliyewafikia mamilioni kupitia simu zao wakati wa korona. Na kuna Terry Goedel wa Yakama na Tulalip, anayeshindana na wazee wenzake, ambaye bibi humsubiri kuliko wote. Hoja yake ni kwamba kijana ana mbio, lakini mzee anajua pa kuziacha. Simpingi. Nimeona magoti ya wazee kila asubuhi kazini, najua kuchuchumaa katikati ya ringi na kuinuka bila kushika chini kunadai nini.

Lakini kama ungenipa nafasi ya mtu mmoja tu, ningekupa Nakotah LaRance. Mzaliwa wa 1989, mwenye asili ya Hopi, Tewa na Assiniboine. Alianza ringi akiwa mtoto, akashinda utotoni, akashinda ujanani, kisha akachukua taji la watu wazima mwaka 2015, 2016 na 2018. Alizunguka dunia na Cirque du Soleil, lile kundi kubwa la sarakasi. Alicheza kama kijana wa zama zake: ndani ya hatua za wazee utaona bega la hip-hop limechomoza, halafu limerudi ndani kabla hujaamua kama umeliona kweli. Wapo waliokunja uso. Bibi mwanzoni alikuwa mmoja wao, akabadilika.

Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki kwenye majukwaa makubwa akala jasho lake. Yeye alirudi New Mexico akawa mwalimu wa watoto wa jamii ya Pueblo of Pojoaque na wa jirani, kundi zima la vijana wa ringi. Julai 2020 alifariki kwa ajali akiwa na miaka 30. Mwaka uliofuata mashindano yakafanyika kwa mtandao tu kwa sababu ya korona, kila mchezaji akajirekodi alipo. Wengi tulidhani kundi lile la Pojoaque litasambaratika. Baba yake Steve na dada yake ShanDien, naye mchezaji mkubwa, wakaendelea kuwafundisha. Na mwaka 2024 taji la watu wazima likaenda kwa Josiah Enriquez, kijana wa Pojoaque aliyekulia katika kundi lilelile.

Sasa unaelewa kwa nini "mwenyeji wa asili" peke yake hainitoshi? Ukimwona Josiah na ukajua alifundishwa na nani, unaona na bega la mwalimu wake. Ukimtazama huyo mwalimu, Nakotah, ukajua ya Derrick Davis aliyemtangulia, unaiona ile hali ya kutulia. Bila majina unabaki na mtu aliyeshika duara za plastiki. Mimi nimezaliwa Usukumani, ambako baada ya mavuno manju wa Bagika akisimama dhidi ya manju wa Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hakuna atakayekusimulia ngoma ile bila kukutajia manju gani na alifundwa na nani. Ukisema "kulikuwa na mtu anacheza" watakuuliza kama ulilala.

Najua utaniambia picha zinanunuliwa kwa mashirika, zinakuja na maelezo mafupi, mhariri wa zamu ana dakika chache na kurasa nyingi. Sawa. Lakini shindano hili linatoa msaada wote: wachezaji huvaa namba, namba ina jina, jina lina taifa lake, na mtangazaji hulitamka kwa sauti kila mchezaji anapoingia. Matokeo huwekwa wazi kwa yeyote. Hili si jambo la kutuma mwandishi Arizona, ni simu moja au barua pepe moja.

Kama mna nia ya kufanya zaidi, na mna nafasi kubwa tu pale mnapowekaga nyota za wiki, kila Februari mnaweza kutoa safu moja juu ya mchezaji mmoja. Mwulizeni nani alimpa ringi za kwanza. Nimegundua swali hilo huwafungua midomo hata wale wasiopenda kuhojiwa, na jibu lake mara nyingi ni mjomba, au baba, au mtu aliyekufa. Msiwaulize kwanza wana ringi ngapi. Wote huulizwa hivyo, na wapo wanaocheza na tano tu wakakuacha mdomo wazi kuliko mwenye arobaini.

Kuhusu picha ya Jumamosi: nimeikuza kwenye simu na namba inasomeka chini ya ringi ya kushoto, tarakimu zote. Nimekuwekea ndani ya bahasha nakala ya kijitabu cha mashindano chenye orodha ya washiriki na mataifa yao. Mistari ya wino mwekundu ni ya bibi, ni watu anaowapenda, usiichukulie kama matokeo. Naomba masahihisho yatoke kwenye ukurasa uleule wa burudani, pamoja na picha.

Wako,
Msomaji na mlezi wa wazee,
Phoenix, Arizona