Tuchangie mashine ya kukatia gia, karakana ya uani, Wete

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu na majirani mlioko Pemba, Unguja, Bara na ng'ambo.

Kamati yetu ya wazazi na wavuvi hapa Wete inaomba mchango wenu tununue mashine ndogo ya mtumba ya kukatia meno ya gia, iwekwe uani kwa fundi wetu. Zinahitajika shilingi milioni 12. Milioni 4 zimeshapatikana, nyingi kutoka kwa wavuvi wenyewe.

Mlioondoka zamani huenda hamuijui karakana hiyo. Ni banda la bati lenye jiliwa, kekee ya kusimama na mashine kongwe ya kukereza chuma. Gari ya ng'ombe iliyolika bushi hutengenezewa pale, na cherehani ya skuli pia. Mashine ya boti ikigonga mwamba, pini ya propela hukatika, na imewekwa ikatike ili gia zisalimike. Wapo wanaochomeka kipande cha feleji ngumu badala yake, wakafurahi kwamba sasa haikatiki, mpaka siku gia yenyewe inapovunjika. Fundi wetu hukereza pini mpya kwa shaba, kwa unene uleule wa ile ya mwanzo, na siku hizi kazi hiyo amewaachia wanafunzi.

Kuna na bolti. Vifaa vingi vya Kiingereza vya zamani vina hesi (ile mistari ya kujipinda ya bolti na nati) za Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha zamani, pembe yake nyuzi 55. Bolti ya milimita ya dukani ni nyuzi 60. Ukilazimisha, inaingia kidogo kisha inakwama, na hapo umeshaua hesi zote mbili. Fundi hukata bolti mpya ya kufuata nati.

Kinachomshinda ni gia. Winchi ya kupandishia boti imelala kwa kung'oka meno mawili tu, na mnunuzi wa vyuma chakavu keshaiulizia bei. Gia ile ina meno 30 na upana wa milimita 64 kutoka ncha hadi ncha. Ukiongeza 2 kwenye idadi ya meno, ukagawa 64 kwa 32, unapata moduli 2, yaani kipimo cha ukubwa wa jino, na kisu cha kukatia huchaguliwa kwa moduli hiyo na idadi ya meno. Kinachobaki ni kugawa duara sawasawa. Kichwa cha kugawia, kifaa kinachoishika gia na kuigeuza jino kwa jino, kwa kawaida mkono wake huzungushwa mara 40 ili gia izunguke mara moja, kwa hiyo kila jino ni mzunguko mmoja na theluthi. Hesabu vijana wanaijua. Mashine hawana.

Tumeulizwa barazani, na ni haki kuuliza: mashine itakuwa ya nani? Ni ya kamati, itaandikwa kwa sheha, na inakaa kwa fundi kwa sababu ndiko kwenye umeme na mtu wa kuilinda. Yeye atafundisha vijana bila malipo, wa kike na wa kiume. Mvuvi atalipia chuma na umeme tu. Kanzu na mitandio inayoning'inia haingii bandani, na hilo halina mjadala, maana mashine ikishika nguo haiachi.

Wala tusidanganyane, si kila kitu kitachongeka. Beringi zitaendelea kununuliwa, na gia za gari zilizochomwa zikawa ngumu hatuzigusi.

Fedha hizo zinajumuisha usafiri wa meli, visu, miwani ya kinga na kibadilishi cha umeme, kwani mashine nyingi za mtumba zinataka fezi tatu na nyumba ina moja.

Msimu wa karafuu huu, msitusahau. Mchango mpe mweka hazina msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na usiondoke bila risiti. Walio mbali wapitishe kwa jamaa zao hapa. Mwenye kipande cha shaba, shafti iliyokatika au gia mbovu asiuze kwa kilo, atuletee, tutakiandika kama mchango.