Taarifa ya mwenyekiti: fainali zimeisha, pilau imeliwa, sasa twaagana

Assalam aleikum na habari zenu ndugu wanachama wa chama chetu cha wanafunzi. Mwajua desturi yetu, mwenyekiti hatoki kabla hajasema mwaka umeendaje na pesa zimekwenda wapi, na kwa vile najua wengi mtaruka moja kwa moja mpaka kwenye pesa, haya, naanza na hizo hizo.

Pesa ya tisheti haikununua tisheti. Mlichanga, mkachagua rangi, mkabishana wee kuhusu maandishi ya mgongoni, na mwisho hamkupata cha kuvaa. Ilikuwa hivi: asubuhi ya pepa ya kwanza wenzetu wawili walizuiliwa mlangoni, hawana kadi ya mtihani kwa sababu ya balansi ya fee. Mmoja ameshika kalamu na rula ya plastiki, amesimama tu hasemi neno, watu wampita wakiingia, na ndani karatasi zishaanza kugawiwa. Mweka hazina akaniangalia, nami nikamwangalia, tukatoka nje, tukalipa balansi zao na pesa ya tisheti kwa M-Pesa, mmoja wetu akatimua mbio na ile meseji mpaka ofisi ya fedha, na wote wawili wakaingia kabla mlango haujafungwa. Baadaye kuna walionung'unika kwenye grupu ati tungeuliza kwanza. Tumuulize nani saa hiyo jamani, na simu zenu zote ziko kwenye mabegi zimezimwa? Ikitokea tena leo nafanya vivyo hivyo, na kama mwataka utaratibu basi tuweke kifungu cha dharura kwenye katiba, hilo ndo lafaa kupitishwa Jumamosi tukikutana kwa uchaguzi, tisheti zitangoja.

Fainali zenyewe zilitukuta katikati ya masika. Mvua, matope, stima yapotea usiku ule ule ambao kila mtu amepanga kukesha, watu wakasoma kwa tochi za simu mpaka chaji ikaisha. Wa Likoni walikuwa wakivuka feri alfajiri ili wawahi pepa ya saa mbili, na sikusikia hata mmoja aliyechelewa, shabash. Vikundi vya kusoma vilifanya kazi kuliko kitu chochote tulichofanya mwaka huu, hasa wale wa hesabu waliokuwa wakifundishana bila kuringiana. Past pepa zilizoprintiwa saiba zilibaki nyingi, ziko kwa katibu, wa mwaka wa pili zichukueni.

Kuhusu marks zilizopotea, kamati ya masomo yaendelea kufuatilia, wenye shida wapeleke majina na nambari za usajili. Wenye sapu, yaani pepa za kurudia, msijifiche, someni.

Sherehe ilikuwa tamu, sina mengi. Pilau ilitosha, kachumbari ikaisha mapema kama kawaida, na kabla ya hapo tulipiga picha nje ya Fort Jesus ambapo mwenzetu wa utalii akajigeuza tour guide wa bure. Akaanza na Wareno kujenga 1593, hakuna anayesikiza, watu wajipangia pozi, mpaka alipofika kwa Waomani walioizingira ngome kutoka 1696 mpaka 1698, miezi 33, mmoja nyuma akaropoka "afadhali hao, sisi tumezingirwa miaka minne!" Hapo ndo ikapigwa ile picha ambayo kila mtu acheka na pozi zote zimeharibika. Mimi naipenda kuliko zote.

Sasa nyinyi mnaoondoka. Wengine washapanda treni ya SGR pale Miritini, wa Lamu waondoka wiki hii, na wa hapa hapa Kisauni na Changamwe mwajifanya hamwendi popote lakini hatutawaona tena, twawajua. Nawaomba mambo mawili matatu ya kikubwa. HELB, ile bodi ya mikopo ya masomo, yaanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza, ukikaa kimya kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, kwa hivyo hata kama huna kazi wapigie uwaambie. Wenye PIN ya KRA, yaani ya kodi, na hamna mapato, filini ritani ya nil kabla ya tarehe 30 Juni kuisha, ni dakika chache kwenye simu, ukisahau ni shilingi 2,000 zaenda bure. Na yule mama wa mahamri na mbaazi hapo getini, aliyewakopesha msimu mzima wa mitihani bila kuuliza, daftari lake nimeliona kwa macho yangu. Mlipeni kabla hamjabeba mabegi, wallahi ni aibu.

Uchaguzi ni Jumamosi baada ya Laasiri, ukumbi ule ule. Mimi sigombei. Anayetaka uweka hazina ajue kabisa kwamba anarithi risiti zote kwenye bahasha, salio dogo, na sufuria mbili kubwa za kuazima ambazo mwenyewe wa Majengo ashapiga simu anazitaka, atakayekuwa na tuktuk siku hiyo anisaidie kuzirudisha.