Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Jiji la Tanga: aliyeng'atwa na popo asirudishwe nyumbani

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Mtoto wa jirani yangu hapa Ngamiani aliokota popo barazani. Popo alikuwa hai lakini hawezi kuruka, anajikokota kwa mbawa. Mtoto akamnyanyua, akang'atwa kidoleni. Vilibaki vitundu viwili tu, kama mtu aliyechomwa sindano, na damu ilishakauka mama yake alipotoka jikoni. Tulikimbilia zahanati. Swali la kwanza likawa: mbwa mwenyewe yuko wapi? Tuliposema ni popo, tukapewa dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, tukaambiwa twendeni zetu. Mama hakuridhika. Alikopa pesa akampeleka mwanawe hospitali kubwa, na huko akaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku ileile. Mtoto ni mzima, alhamdulillah.

Simlaumu mhudumu yule. Sote tumekua tukijua kwamba ugonjwa huu huletwa na mbwa, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya wagonjwa wameambukizwa na mbwa. Kwa hiyo chanjo ya mbwa mitaani isiachwe hata kidogo kwa sababu ya barua hii. Lakini shirika hilohilo linamweka mtu aliyegusana na popo moja kwa moja katika kundi la tatu, lile la hatari kubwa, anayestahili chanjo pamoja na sindano ya kingamwili. Sidhani kama maelekezo hayo yamefika kwenye meza za zahanati zetu.

Kirusi chenyewe cha kichaa cha mbwa hakijulikani kwa popo wa Afrika. Popo wanaokibeba wako Amerika. Wa kwetu wana virusi vya ukoo uleule, vinavyoweza kuleta ugonjwa uleule. Kimoja kiligunduliwa Lagos mwaka 1956. Kingine, Duvenhage, kilimuua mtu Afrika Kusini mwaka 1970. Mwaka 2007 daktari mmoja Mholanzi aliyekuwa safarini Kenya alikwaruzwa usoni na popo huko Tsavo Magharibi. Hakupata chanjo, akaugua wiki chache baadaye akiwa kwao, akafariki. Na mwaka 2009 kirusi kipya kilipatikana kwa popo aliyekutwa amekufa pangoni Shimoni, pwani ya Kenya. Mheshimiwa, Shimoni ni hapo tu ukivuka Horohoro. Popo hawaonyeshi pasi mpakani, na sisi tuna mapango ya Amboni yaliyojaa popo, watalii na watoto wa shule wakiingia na kutoka.

Watu waliothibitika kufa kwa virusi vya popo Afrika ni wachache mno, nami sitaki mtu akose usingizi. Ila ugonjwa huu dalili zikishaanza hauna tiba, na chanjo iliyopo haitarajiwi kukinga vizuri dhidi ya virusi kama cha Shimoni. Ndiyo maana kutowagusa kabisa ni muhimu kuliko dawa yoyote.

Na hapa ndipo mitaani tunakosea. Nyumba zetu za zamani zina mwanya kati ya ukuta na bati, popo wanalala humo mchana kutwa. Watu wakichoka na harufu na kinyesi, wanawasha moshi au wanapuliza sumu darini. Popo wanadondoka sakafuni wakiwa nusu hai, na wanaowaokota ni watoto na paka. Yaani tunatengeneza hatari ambayo haikuwapo. Popo hawa wanakula wadudu, wengine wanasambaza mbegu za matunda. Hakuna sababu ya kuwaua. Inatosha kusubiri magharibi watoke, kisha kuziba mwanya kwa wavu au saruji, mradi ndani hakuna vichanga visivyoweza kuruka.

Ninaomba, kwanza, waraka wako kwa kila zahanati na kituo cha afya, uwe hata wa ukurasa mmoja: mtu akisema popo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na aelekezwe kwenye chanjo siku hiyohiyo, hata kama jeraha halionekani vizuri. Meno ya popo ni madogo. Aliyeamka akamkuta popo kitandani naye asipuuzwe.

Pili, maafisa afya wa kata wafundishe kuziba mianya badala ya kupuliza sumu, na waongozaji wa Amboni wawakumbushe wageni wasiguse.

Tatu, tutangazieni wazi chanjo inapatikana wapi na kwa bei gani. Mama yule alizunguka na mtoto mgongoni akiuliza njiani, na deni la sindano zile bado analilipa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga